Chipu Nyingi, Saa Ndefu: Utatuzi wa matatizo kwa anayetoka poka ya simu kuingia meza ya Kampala

Kundi letu la karata hukutana Jumatano usiku Old Kampala, chumba cha juu ya duka la vipuri. Tuko tisa: wawili wa Bukavu, mmoja wa Arua, wengine wa Busia, Kisumu na hapahapa mjini. Kinachotuunganisha ni Kiswahili na poka. Karibu sote tulijifunza mchezo huu kwenye simu, na karibu sote, siku ya kwanza kuketi kwenye mashindano ya mezani yenye chipu nyingi za kuwekea dau, tulitoka mapema tukisema karata zimetukataa.

Karata hazikutukataa. Nimeyaona makosa yaleyale kwa watu wengi mno, nikianza na mimi, kiasi kwamba sasa naweza kuyapanga kama fundi anavyopanga magonjwa ya injini: dalili hii, chanzo kile, dawa ile. Mwongozo huu ni kwa yule ambaye mtandaoni anafanya vizuri, tena vizuri kweli, lakini kila anapoenda mezani anarudi na boda saa mbili usiku wakati wenzake bado wanacheza.

Jambo la mlangoni kwanza. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inayosimamia bahati nasibu na michezo ya kubahatisha inamkataza aliye chini ya miaka 25 kushiriki. Si 18, ni 25. Beba kitambulisho. Na ada ya kuingilia iwe pesa ambayo ikipotea usiku huu, kodi ya nyumba na karo ya watoto haziguswi. Mtu anayecheza na karo hawezi kutumia hata ushauri mmoja ulio hapa chini, kwa sababu kila dau litamtetemesha.

Pima kina kabla ya yote

Chukua mashindano ya kawaida ya mezani: unapewa chipu 40,000, blaindi (madau ya lazima ya watu wawili, ndogo na kubwa) ni 100 na 200, mwenye blaindi kubwa analipa pia ante, yaani mchango wa kila mkono, ya 200 kwa niaba ya meza nzima, na kila ngazi, kabla ya blaindi kupanda, ni dakika 40. Gawanya 40,000 kwa 200: rundo lako ni blaindi kubwa 200, na hicho ndicho kina chako. Mzunguko mmoja wa watu tisa unakugharimu 500: mia ya blaindi ndogo, mia mbili ya kubwa, mia mbili ya ante. Gawanya 40,000 kwa 500, unapata mizunguko 80. Hiyo ni mikono 720, yaani migao 720 ya karata. Dila, mgawa karata wa mezani, hugawa takriban mikono 30 kwa saa. Maana yake, kama blaindi zisingepanda kabisa, ungeweza kukaa saa 24 bila kucheza karata hata moja ndipo chipu ziishe.

Kule Las Vegas, mashindano makuu ya World Series of Poker yanakwenda mbali zaidi: chipu 60,000, kina cha blaindi kubwa 300 mwanzoni, kila ngazi saa mbili. Sasa linganisha na mashindano ya simu ambayo ngazi ni dakika nane, na ndani ya saa moja nusu ya meza wana blaindi 20 hivi au pungufu.

Hapa ndipo ninaposimama, na nitarudi hapa mara kwa mara: simu imetufundisha poka inayoisha kwenye flopu, zile karata tatu za kwanza kati ya tano za mezani. Karata tatu zikifunguliwa, mmoja anaingiza zote, mwingine anafuata au anatupa, basi. Karata ya nne na ya mwisho tunazitazama tu zikianguka, kwa sababu hakuna chipu zilizobaki za kuamulia. Mezani, kwenye kina, mchezo wenyewe uko kwenye karata hizo mbili. Mtu anaweza kuwa na mikono laki moja ya mtandaoni na bado hajawahi kufanya uamuzi wa kweli kwenye karata ya mwisho.

"Nimeishiwa chipu ngazi ya pili, na nilikuwa na ree mbili"

Hii ndiyo dalili kubwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo. (Naita ree ile ambayo vijana wanaocheza karata za matatu mitaani wanaiita esi.)

Nakupa mkono wangu mwenyewe. Blaindi 100 na 200, nina 40,000 kamili. Napata ree mbili, nafungua, yaani naongeza wa kwanza, kwa 500. Watu watatu wanafuata, mmoja wao mzee wa Bukavu aliyeketi kwenye blaindi kubwa, mtu wa kofia na maneno machache. Poti, yaani chipu zote zilizowekwa katikati, ni 2,300. Flopu: tisa na nane za shupaza, nne ya uru. Naweka 1,600, mzee anafuata, wengine wanatupa. Poti 5,500. Karata ya nne ni jeki ya kopa. Naweka 4,000. Mzee anatulia, anahesabu chipu zake polepole, anaongeza hadi 12,000.

Niliingiza zote bila kufikiri hata sekunde kumi. Akafuata papo hapo, akaonyesha tisa mbili. Tisa tatu dhidi ya jozi yangu moja. Karata ya mwisho haikunisaidia.

Wakati wa mapumziko nilikuwa bado nje, nikingoja boda. Mzee alikuja akasimama pembeni yangu na kikombe cha chai, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Nimelifikiria swali hilo kwa miaka. Jibu lake liko kwenye hesabu moja ambayo kila mchezaji wa kina anapaswa kuifanya flopu inapofunguliwa: gawanya chipu zilizobaki kwa poti. Mkono uleule, ningekuwa na blaindi 30 tu kama nilivyozoea kwenye simu, ningeanza na 6,000. Baada ya kufungua ningebaki na 5,500, na poti ni 2,300. Uwiano ni kama 2.4. Hapo kuingiza zote na ree mbili ni sahihi, na ukikutana na tisa tatu unakubali na kuondoka. Lakini mimi nilikuwa na 39,500 nyuma ya poti ileile. Uwiano ni 17. Huo si mkono uleule tena, hata kama karata ni zilezile.

Uwiano wa 17 una maana hii: ili 39,500 ziingie zote kwa raundi tatu, lazima kila raundi mtu aweke dau linalozidi poti yenyewe, karibu mara 1.14. Watu wachache sana hufanya hivyo kwa dau la kawaida. Kwa hiyo chipu zikianza kuingia kwa wingi kwenye kina, huwa zimeingizwa na mtu aliyeongeza juu ya dau la mwenzake. Na mchezaji mtulivu anayeongeza kwenye karata ya nne, wakati wewe umekwisha kuonyesha nguvu mara tatu, hana jozi moja. Ana jozi mbili, ana karata tatu za namba moja, ana mfuatano. Anakuambia kabisa, ila simu haikukufundisha lugha hiyo.

Dawa: ukiona ongezo lile, tupa. Ningetupa ningekuwa nimepoteza 6,100, nikabaki na 33,900. Hiyo bado ni karibu blaindi 170, zaidi ya mtu yeyote niliyewahi kukutana naye kwenye fainali ya mtandaoni. Kipimo ninachotumia sasa: uwiano ukiwa chini ya 4, jozi ya juu inatosha kufa nayo, ukiwa juu ya 13, jozi moja, hata ree mbili, inatafuta poti ndogo. Katikati ya hapo, mtazame mtu. Na karata ya nne ikiwa ya kutisha, kupita, yaani kutoweka dau, si woga. Kupita mara moja kunaifanya poti iwe ndogo na kunamnyima mwenye nguvu nafasi ya kuongeza.

Hesabu hiyohiyo inabadilisha thamani ya karata za mkononi. Ukiwa na jozi ndogo, sita mbili kwa mfano, utapata sita ya tatu kwenye flopu takriban mara 1 katika 8.5. Kwa blaindi 25, kulipa 500 wakati mpinzani ana 5,000 ni kulipa sehemu ya kumi ya anachoweza kukupa. Haitoshi, maana si kila mara atakulipa zote. Kwa blaindi 200, unalipa 500 kwa nafasi ya kuchukua 40,000. Hiyo ni biashara. Ndiyo biashara aliyoifanya mzee yule kwangu. Ree na karata ndogo ya aina ileile (shupaza na shupaza, kopa na kopa) nayo inapanda, kwa sababu flashi yake, karata tano za aina moja, ikija ni ya juu kabisa. Zinazoshuka ni zile tulizozipenda kwenye simu: ree na jeki za aina tofauti, mfalme na malkia za aina tofauti. Zinatengeneza jozi moja nzuri, na jozi moja nzuri kwenye kina ndiyo inayomaliza watu.

Tahadhari moja hapa, kwa sababu nimeona vijana wakiruka kutoka shimo moja hadi lingine. Wakisikia kwamba karata za aina moja zinapanda thamani, wanaanza kucheza saba na tatu za kopa. Flashi kamili kwenye flopu huja mara 1 katika 119. Na flashi ndogo, ikikutana na kubwa penye blaindi 200, inakumaliza. Karata za aina moja zichezwe ukiwa na nafasi ya kukaa nyuma, karibu na kitufe (alama ya anayeamua wa mwisho), ambako unaona wenzako wamefanya nini kabla ya wewe kuamua. Kukaa nyuma ni faida kwenye kila poka, lakini kwenye kina, raundi nne za madau zinapochezwa zote, faida hiyo inazidishwa mara nne.

"Najikuta nacheza karata ambazo nyumbani ningezitupa"

Chanzo ni saa. Ree mbili huja kwa wastani mara 1 katika mikono 221. Mtu anayefungua meza nne kwenye kompyuta, kila meza mikono 70 hivi kwa saa, anapata mikono 280, kwa hiyo anaziona zaidi ya mara moja kwa saa. Mezani, kwa mikono 30, ni wastani wa mara moja katika saa saba na zaidi. Jozi yoyote mkononi huja mara 1 katika 17: kwenye kompyuta ni 16 kwa saa, mezani ni moja kila nusu saa na ushee. Ukitupa karata dakika 50 mfululizo, mwili unaanza kukuambia kuna kitu kimeharibika. Hakuna kilichoharibika. Umetupa mikono 25, ambayo kwenye simu ungeitupa kabla maji ya chai hayajachemka.

Usijaribu kuuvumilia uchovu huo kwa mabavu. Upe kazi. Mikono ambayo hauchezi ndiyo yenye habari, na hapa huna ile programu inayokuandikia takwimu za kila mtu juu ya jina lake. Wewe ndiye programu. Mimi huchagua watu wawili kwa kila nusu saa, wale wawili walioketi kushoto kwangu kwanza, kwa sababu ndio watakaoamua baada yangu usiku mzima. Naangalia mambo matatu tu: anaingia poti ngapi, akiingia anaongeza au anafuata, na karata zikifunuliwa mwishoni alikuwa na nini. Baada ya saa mbili najua zaidi kuhusu watu hao kuliko takwimu zozote nilizowahi kuzilipia.

Simu iache mfukoni. Nasema hili kwa uchungu, maana naona vijana wazuri wanatupa karata, wanafungua simu, wanacheza mashindano mengine madogo huku wameketi kwenye haya. Karata muhimu za mezani zinafunuliwa mbele yao na hawazioni.

"Dila amekataa dau langu"

Kwenye simu unasogeza kidole, namba inatokea, mashine inakulinda. Mezani hakuna wa kukulinda. Kuna kanuni za kimataifa ambazo vyumba vingi hufuata, na makosa haya ndiyo yanayowakuta wageni.

Ya kwanza ni chipu moja kubwa. Blaindi ni 200, unataka kuongeza hadi 1,000, unatupa chipu moja ya 1,000 kimya. Hujaongeza. Umefuata 200, na dila atakurudishia chenji. Ya pili ni kuweka chipu kwa vipande: unaweka 600, mkono unarudi kwenye rundo kuchukua zaidi. Dila atasema "hapana, ssebo," na dau lako litabaki lile la kwanza. Dawa ya yote mawili ni sauti. Sema kwanza, kisha gusa chipu: "naongeza, jumla 1,000." Ukishatamka kwenye zamu yako umefungwa na neno lako, nalo ndilo linalohesabiwa. Sema kwa lugha ambayo dila anaitumia. Kwetu Kampala mara nyingi ni Kiingereza, na vyumba vingi vinakataza kusemezana lugha nyingine wakati mkono unachezwa, hata kama mnaulizana habari za nyumbani. Watu wengine hawajui mnasema nini. Wana haki ya kulalamika.

Kucheza nje ya zamu ni kosa la tatu. Kwenye simu vitufe havionekani mpaka zamu yako ifike. Mezani unatazama karata mbaya, unazisukuma mbele wakati watu wawili kabla yako hawajaamua, na tayari umempa mmoja wao habari ya bure. Subiri. Tazama kulia kwako kila mara.

Na linda karata zako. Weka chipu moja juu yake. Dila akizizoa kwa bahati mbaya zikachanganyika na za kutupwa, mkono wako umekufa, na hakuna atakayekurudishia. Mwenzetu wa Arua alipoteza hivyo mfalme mbili. Hana wa kumlaumu, na tangu siku hiyo anabeba kete ya omweso, bao la Uganda, mfukoni, ile mbegu nyeusi, anaiweka juu ya karata zake kila mkono.

"Sijui poti ina kiasi gani"

Hakuna namba inayong'aa katikati ya meza. Kwenye poka isiyo na kikomo cha dau, dila hahesabu poti kwa ajili yako; akiombwa anaweza kuitandaza tu uione. Una haki ya kujua kiasi cha dau ulilowekewa, na ya kuona wazi chipu za mpinzani, kubwa zikiwa mbele au juu. Zaidi ya hapo ni kichwa chako.

Njia rahisi ni kuanza kuhesabu kabla ya flopu na usiache kamwe: watu wangapi, mara dau, jumlisha blaindi zilizotupwa na ante. Watu wanne mara 500 ni 2,000, blaindi ndogo 100, ante 200. Dau likija na kufuatwa, lizidishe mara mbili, ongeza. Sisi tulifanya mazoezi na vifuniko vya soda, rangi tofauti thamani tofauti, mpaka hesabu ikawa kama kupumua. Wiki tatu zinatosha. Anayeanza huweka dau kwa macho, "chipu kama hizi hivi," na ukimchunguza unakuta anaweka robo ya poti akidhani ni nusu. Madau ya robo kwenye meza yenye kina yanawapa wenye kutafuta flashi bei ya bure.

"Napiga mkwara, hakuna anayetupa"

Hawatupi, ni kweli. Waamini.

Mchezaji wa mtandaoni anayesoma mchezo hutupa jozi ya pili akipigwa madau matatu makubwa, kwa sababu ana meza tatu nyingine. Mtu wa mezani amelipa ada, amekodi gari kutoka Jinja, amevaa shati jipya, amesubiri dakika 40 kupata jozi. Amekuja kucheza. Atafuata ili aone. Ndiyo maana ukifungua kwa mara mbili na kitu ya blaindi, kama ilivyo desturi mtandaoni, unafuatwa na watu watano, na ree zako mbili zinaingia kwenye poti ambayo zinashinda chini ya nusu ya mara.

Ongeza kipimo cha kufungua. Mimi naanza na mara tatu, na kwa kila mtu aliyekwisha kuingia kwa kufuata blaindi tu naongeza blaindi moja. Meza ikiendelea kufuata, napandisha hadi nne, tano, mpaka nipate mtu mmoja au wawili. Hakuna sheria ya idadi. Kuna meza iliyo mbele yako. Mkwara wa raundi tatu uuache kwa wale wachache ambao umeshawaona, kwa macho yako, wakitupa karata nzuri. Kwa wengine, subiri mkono mzuri uweke dau kubwa la wazi. Wengi huona aibu kucheza wazi hivyo, wanasema si poka ya juu. Poka ya juu ni ile inayomjibu mtu aliyeketi mbele yako.

"Wananisoma"

Labda. Mara nyingi wanasoma kitu kimoja: kasi. Unafuata haraka ukiwa na karata ya kati, unakaa kimya muda mrefu ukiwa na kubwa. Jiwekee pumzi mbili kabla ya kila uamuzi, hata wa kutupa. Usitazame karata zako mpaka zamu ifike. Watazame wao wakizitazama zao. Flopu ikifunguliwa, macho yako yawe kwa watu, karata hazitakimbia. Mikono inayotetemeka wakati wa kuweka dau kubwa, kwa ninavyoona mimi, ni dalili ya nguvu zaidi kuliko ya uongo: ni msisimko wa mtu aliyesubiri saa tatu. Usimfuate ukidhani anaogopa.

Chris Moneymaker, aliyeshinda mashindano makuu ya dunia mwaka 2003 kati ya washiriki 839 na kuondoka na dola milioni 2.5, alipata nafasi yake kupitia mtandao. Aliketi na miwani myeusi. Mtu wa simu anaweza kufika. Sikuandika haya kumvunja moyo yeyote.

"Saa ya nane nafanya mambo ya ajabu"

Kula kabla ya njaa. Katogo zito (matoke yaliyopikwa na nyama) saa saba mchana litakulaza saa tisa. Mimi hubeba ndizi na karanga, nanunua roleksi moja (chapati yenye mayai) wakati wa mapumziko, nakunywa maji. Pombe sigusi mpaka nitoke. Mapumziko yakifika, toka nje, tembea hadi barabarani, usizungumzie mkono uliopoteza. Na usiku kabla ya mashindano lala. Usicheze kwenye simu hadi alfajiri "kujipasha moto".

"Nilikuwa na chipu nyingi, kisha zikayeyuka polepole"

Hii huwapata wale waliopona magonjwa yote ya juu. Wamejifunza subira, wakaipenda kupita kiasi. Blaindi zimepanda, sasa ni 2,000 na 4,000, wana 48,000, na bado wanasubiri kama saa ya kwanza. Hizo ni blaindi 12. Kina kimekwisha.

Hapa ndugu yangu wa simu ndiye mwenye nguvu mezani, na inaniuma kuona anasahau. Alichocheza miaka yote ni hiki hasa. Wale wa mezani waliozoea kina hawajui la kufanya na blaindi 12; wanafuata, wanangoja flopu, wanatupa. Wewe unajua. Poti kabla ya mtu yeyote kuingia ina blaindi mbili na nusu: ndogo, kubwa na ante. Ukiwa kwenye kitufe, wote wakatupa hadi kwako, ukaingiza zote 12 na wawili waliobaki wakatupa, umeongeza rundo lako kwa asilimia 21 bila kuona flopu. Kwa hiyo kila blaindi zinapopanda, gawanya upya. Juu ya 100, cheza kama mzee wa Bukavu. Kati ya 40 na 100, punguza jozi ndogo, anza kuongeza tena juu ya wanaofungua ovyo. Chini ya 20, rudi nyumbani kwenye simu yako na ucheze unavyojua.

"Nimecheza mashindano kumi, sijashinda hata moja"

Kumi mtandaoni ni jioni moja. Mezani ni mwaka, kwa wengi wetu. Hata mchezaji mzuri sana anaweza kutoka mikono mitupu kwenye mashindano kumi mfululizo, na hakuna kinachoweza kujulikana kutokana na idadi hiyo. Usihesabu matokeo. Andika, usiku uleule ukifika nyumbani, mikono mitatu ambayo uliamua kwenye karata ya nne au ya mwisho: poti ilikuwa ngapi, ulibaki na ngapi, mtu alikuwa nani, kwa nini ulifanya ulichofanya. Sisi husomeana daftari hizo kila Jumatano kabla ya kugawa karata. Mzee wa Bukavu sasa ni mmoja wetu, na akisikia mkono ambao mtu ameingiza zote mapema, huuliza swali lake lilelile, kisha anangoja jibu la kweli.